Biti za Keke ya Mkono kwenye Drili ya Umeme

Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, minada ikianza kutia fedha mifukoni mwa wakulima, mafundi seremala wa Newala na Masasi hupata kazi ya milango. Nyumba iliyokaa mwaka mzima ikifungwa kwa mabati inatafutiwa fremu, bawaba na kitasa, na kila kitasa kinadai tundu pana kwenye ubao mnene wa mninga au mkongo. Hapo fundi hukumbuka vyuma vilivyolala chini ya sanduku la zana: biti ndefu za msokoto za keke ya mkono, zenye mkia wa pembe nne, alizorithi kwa mzee wake au alizonunua kwa bei ya chuma chakavu. Drili ya umeme anayo. Biti nyembamba za kutobolea chuma anazo. Biti pana ya mbao hana, au aliyoinunua mwezi uliopita imekwisha kupinda. Anajiuliza basi kama ile ya keke haiwezi kutiwa kwenye drili na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri.

Inaweza, lakini si kila biti na si kila drili. Biti za keke zilitengenezwa zizungushwe kwa mkono, mzunguko mmoja hivi kwa sekunde, na kila sehemu yake ilipimwa kwa mwendo huo. Anayedhani kwamba shida ni mkia tu usiokaa vizuri kwenye drili ataukata mkia, ataridhika, na shida yenyewe itamsubiri upande wa pili wa biti.

Chukua biti moja uilaze mezani. Mwisho wa juu kuna mkia wa pembe nne unaopungua unene. Chini yake kuna shina la duara, halafu msokoto unaopandisha maranda. Mbele kabisa imechomoza ncha ndogo yenye uzi wa skrubu. Pembeni yapo meno mawili yanayochora duara kwenye mbao, na kati ya meno na ncha yamelala makali mawili yanayoinua maranda ndani ya duara lile. Ncha yenye uzi ndiyo inayoivuta biti iingie. Fundi wa keke hasukumi kwa nguvu. Huegemea kitako cha keke kwa kiganja au kifua ili isimame wima, akazungusha, na uzi ukaendelea kula mbao kwa kipimo kilekile kila mzunguko.

Muundo huo una historia inayojulikana. Russell Jennings wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya biti yenye misokoto miwili mwaka 1855, na hadi leo biti za namna hiyo huitwa kwa jina lake. Kampuni ya Irwin, iliyoanza Ohio mwaka 1885, ikaeneza namna nyingine: nguzo moja ya chuma katikati, na utepe mmoja wa msokoto ukiizunguka. Hizi ni ngumu kupinda kuliko za Jennings, na kwa mambo yatakayosemwa hapa chini ndizo zinazovumilia umeme zaidi. Taya mbili za keke zinazobana mkia wa pembe nne zilitokana na ubunifu wa William Barber wa mwaka 1864. Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza, ulitengeneza biti kama hizi kwa wingi, na majina ya Ridgway na Marples bado yanasomeka kwenye mashina yaliyopona kutu.

Kwa sehemu za kusini mwa Tanzania, zana za mkono kutoka Ulaya ziliingia pamoja na misheni. Wabenediktini walifika Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, mwaka 1906, na mabruda wao wengi walikuwa mafundi wa mbao, wa mawe na wa chuma kabla ya kuwa wamisionari. Karakana na mafunzo ya ufundi vikawa sehemu ya maisha ya abasia ile. Njia nyingine ilikuja baadaye sana. Tangu miaka ya 1980 shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza limekuwa likikusanya zana kuukuu ambazo wenyewe hawazitumii tena, likazinoa na kuzituma kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwamo. Keke na biti zake zimo katika zana za aina hiyo.

Habari hii ya asili ina faida moja ya kikazi, nayo ni namba. Biti ya Kimarekani, na nyingi za Kiingereza, hupigwa namba inayohesabu sehemu za kumi na sita za inchi: namba 4 ni robo inchi, namba 8 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na namba 16 ni inchi nzima. Biti ya Kijerumani huandikwa milimita. Kwa hiyo biti mbili zenye namba 10, moja ya Sheffield na nyingine ya Ujerumani, zinaweza kupishana kwa karibu milimita 6, na kitasa kikacheza ndani ya tundu. Usiamini namba. Toboa kipande cha ubao usio na kazi, upime tundu kwa rula.

Sasa tuje kwenye umeme. Drili ya kwanza ya umeme ya kushikwa mkononi ilitoka katika kiwanda cha Fein, Stuttgart, mwaka 1895; ile yenye umbo la bastola na kitufe cha kidole iliwekewa hataza na Black & Decker mwaka 1917. Tangu hapo kasi imepanda. Drili ndogo ya waya inayouzwa madukani leo hufika mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika. Tuseme uzi wa ncha unasogea milimita 2 kila mzunguko. Kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde, mlango wa milimita 40 unatobolewa kwa sekunde 20, na maranda yanapata muda wa kupanda na kumwagika. Kwa mizunguko 3,000, uzi uleule unataka kuivuta biti milimita 100 kila sekunde, yaani kuupita mlango mzima kabla ya nusu sekunde kuisha. Hakuna msokoto unaoweza kutoa maranda kwa haraka hiyo. Yanashindiliana, biti inakwama ndani ya mbao, na mota haijui kwamba imekwama.

Kinachofuata ndicho cha kuogopwa. Biti ikisimama, mwili wa drili ndio unaozunguka, kinyume cha mwendo wa saa ukitazama kutoka nyuma. Fundi anayetoboa mlango uliosimama, mpini wa drili ukiwa umeelekea chini, atarushiwa mpini upande wa kulia, na kifundo cha mkono kitafuata. Keke ya mkono haina hila hiyo, kwa sababu mkono ukishindwa, kila kitu husimama.

Kwa hiyo kabla ya kugusa msumeno wa chuma, angalia drili uliyonayo. Inayofaa ni ile yenye gia ya chini. Drili nyingi za betri za volti 18 zina gia mbili, na ya kwanza huishia karibu na mizunguko 400 au 500 kwa dakika. Kwa kubonyeza kitufe kidogo tu inashuka hadi mia moja hivi. Tena zina pete ya namba mbele, inayofanya kichwa kiteleze nguvu ikizidi. Iweke namba ya katikati kwanza, upande taratibu ikibidi. Drili ya waya yenye mpini wa pili wa pembeni na kitufe kinachopunguza kasi nayo inafaa. Isiyo na njia yoyote ya kupunguza mwendo isitumike kabisa kwa biti hizi, hata kwa tundu moja. Na kama ni drili ya kutobolea zege, hakikisha kitufe cha nyundo kimezimwa. Ile mashine fupi ya kufungia skrubu, inayogongagonga inapozidiwa, iwekwe mbali: chuma cha biti kuukuu hakikutengenezwa kupigwa, nacho hupasuka.

Mkia wa pembe nne ni shida ya pili. Kichwa cha drili kina taya tatu, zilizokusudiwa kubana kitu cha duara au cha pembe sita. Pembe nne zikiingia humo, taya mbili hushika pembe na ya tatu hulalia bapa. Biti inakaa upande, na kwa vile mkia unapungua unene, inashikwa sehemu ndogo tu ya urefu wake. Ikizungushwa inayumba, inapanua tundu, na ikizidiwa inachomoka na kubaki imesimama ndani ya ubao. Kukaza zaidi kwa ufunguo hakusaidii, na mwisho wake ni taya zilizolika.

Njia iliyo bora haikati biti yoyote. Tafuta keke iliyovunjika, ile iliyopoteza kitako au kishikio chake cha mbao, ambayo taya zake bado zinabana. Ikatwe juu kidogo ya kichwa, ibaki kichwa na kipande kifupi cha chuma. Kipande hicho kipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kukereza akifanye kiwe duara kamili cha milimita 10, kikiwa kwenye mstari mmoja na taya. Sasa kichwa cha keke kinaingia kwenye drili, na kila biti ya pembe nne inaingia kwenye kichwa cha keke bila kupoteza hata chembe. Anayeishi Dar es Salaam atapata mkerezaji Gerezani bila kuhangaika. Wa Newala atabidi aulizie mjini, au apeleke Masasi au Mtwara siku ana safari nyingine. Asikubali kuambiwa kwamba kuchomelea nondo kunatosha. Kilichochomelewa kwa macho hakikai katikati, na biti ya sentimita 20 ikizunguka nje ya mstari kwa milimita moja tu juu, nchani inachora duara la kuchekesha.

Njia ya pili ni kukata mkia. Kwanza chagua ya kukata. Seti nzima ya Jennings, namba 4 hadi 16, inayokaa kwenye mfuko wake na yenye meno marefu bado, isikatwe. Zipo kazi ambazo umeme hautazifanya vizuri kama mkono, na seti ikishaharibiwa hairudi. Kata zile za peke yake, zilizolika meno kiasi, hasa za nguzo ya katikati. Kabla ya kukata, iviringishe biti juu ya kioo cha dirisha. Ikiruka au shina lake likionekana kupanda na kushuka, imepinda, na biti iliyopinda kwenye umeme ni hatari tu; iachie keke.

Bana shina kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao laini, ukate kwa msumeno wa chuma pale pembe nne zinapoishia na duara linapoanza. Mkia kwa kawaida ni laini kuliko makali, hivyo msumeno utaingia. Grinda inakata haraka, lakini joto lake hupanda shinani, na chuma kikigeuka buluu karibu na makali kimeshapoteza ugumu wake. Mwenye grinda tu akate kidogo kidogo, akichovya kwenye maji. Shina litakaloingia kichwani lisipungue milimita 25. Pima unene wake pia: drili za kawaida hupokea milimita 10 au 13, na shina nene zaidi ya hapo halitaingia hata likikatwa.

Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka. Shina la duara, laini, likibanwa na taya tatu huteleza tundu likianza kuwa gumu. Likatiwe mabapa matatu kwa tupa, yenye nafasi sawa kulizunguka, kila moja likae mbele ya taya yake. Mabapa yasiwe ya kina. Upana wa milimita 4 au 5 unatosha. Fundi mwenye jicho anaweza kufanya pembe sita kamili, lakini matatu yanafanya kazi ileile kwa nusu ya jasho.

Bado ipo ncha yenye uzi, na hapa mafundi hutofautiana. Wapo wanaoukwangua uzi wote kwa tupa, wakaacha ncha ya pembe tatu isiyovuta. Biti hiyo inatii mkono: usiposukuma haiendi. Ubaya wake ni kwamba haitafaa tena kwenye keke, maana bila uzi fundi wa mkono atasukuma mpaka achoke. Kwa biti ambayo uzi wake umeshavunjika au kulika, tupa haina hasara. Kwa biti nzima, ipo namna ya upole zaidi. Pima unene wa ncha yenye uzi, chukua biti ya kawaida ya chuma yenye unene uleule au pungufu kidogo, na utoboe tundu dogo la kuongoza kwanza. Uzi ukikuta nafasi umekwisha kufunguliwa haung'ang'anii. Unaongoza tu katikati, na kasi ya kuingia inabaki kwa aliyeshika drili. Biti inabaki nzima, kesho inarudi kwenye keke. Ukiuliza maoni ya makala hii, tundu la kuongoza linapaswa kuwa desturi, na tupa iwe ya dharura.

Kutoboa kwenyewe kunahitaji subira. Ubao ubanwe mezani. Mlango uliokwisha kufungwa kwenye fremu uwekewe kabari chini. Mashati ya mikono mirefu yakunjwe, na glavu pana zivuliwe, maana biti ya msokoto hushika kitambaa na haiachii. Shika mpini wa pembeni kama upo; kama haupo, simama kwa namna ambayo drili ikigeuka itaegemea paja au meza kabla ya kukipinda kifundo. Anza polepole hadi meno ya pembeni yachore duara kamili. Endelea kwa mwendo uleule wa chini. Kila sentimita mbili hivi, ichomoe biti ikiwa inaendelea kuzunguka mbele, maranda yamwagike. Mbao mbichi, na mwembe hasa, zinataka kuchomolewa mara nyingi zaidi, kwa sababu maranda yake yenye unyevu hugandamana kwenye msokoto.

Ncha ya uzi ikichungulia upande wa pili, simama. Geuza ubao, utie ncha kwenye kitundu kilichojitokeza, umalizie kutoka huko. Anayetaka kumaliza kwa mkupuo mmoja atang'oa vipande vikubwa kuzunguka tundu, na mwenye mlango ataviona kila akifungua.

Biti ikikwama, achia kitufe mara moja. Usijaribu kuinasua kwa kuongeza kasi. Geuza mwendo, bonyeza kidogo sana, uirudishe kama skrubu. Ikikataa, iachie kutoka kwenye drili na uizungushe nyuma kwa spana. Hapa ndipo mkia wa pembe nne unapoonyesha thamani yake kwa aliyeuacha: spana inaukamata bila kuteleza, wakati shina lililokatwa litahitaji koleo na bidii.

Mbao za kusini hazifanani, na biti inajua. Mninga ni mwepesi kwa kiasi na hutoboka vizuri. Mkongo, ambao pwani ya kaskazini huuita mbambakofi, ni mzito na mgumu zaidi. Tumia tundu la kuongoza bila mjadala. Kwa mbao za namna hiyo zipo biti za Kiskoti, zisizo na meno ya kuchora bali zenye makali yaliyokunjwa juu kando. Ni nene, hazipindi upesi, na mwenye nazo azitunze. Mpingo ni habari nyingine kabisa. Huzama majini kwa uzito wake, na ncha yenye uzi ya biti ya keke huvunjikia ndani yake. Wachongaji wa Kimakonde wanaohitaji tundu kwenye kinyago, na viwanda vya Ulaya vinavyotoboa mpingo kwa ajili ya klarineti na zumari za okestra, hutumia biti zisizo na uzi. Kwa fundi wa kijijini, biti ya kutobolea chuma, kali, mwendo wa wastani na kuchomoa kila mara, ndiyo ya kuaminika.

Wepesi wa kutoboa unategemea makali kuliko nguvu ya mota, na biti iliyolala miaka thelathini haina makali. Kutu iondolewe kwa msasa laini na mafuta, kisha tupa ndogo. Tupa maalumu ya biti haipatikani kirahisi, lakini ile ya pembe tatu ya kunolea msumeno hufaa ikisagwa upande mmoja hadi uwe laini, usikwangue pasipotakiwa. Meno ya pembeni yanolewe kwa ndani tu. Ukigusa nje, umepunguza upana wa duara linalochorwa, na mwili wa biti utakwaruza tundu lote hadi mwisho. Biti nyingi kuukuu zimeuawa hivyo na mikono yenye nia njema. Makali yaliyolala yanolewe upande unaotazama juu, kuelekea shina, tupa ikipitia kwenye uwazi wa msokoto. Upande wa chini uguswe kidogo tu kuondoa ukwaru. Hesabu mikwaruzo, idadi sawa kila upande, maana kali moja likizidi jingine, lenyewe ndilo litakalofanya kazi yote. Uzi wa ncha ulio mzima usipigwe tupa. Ukiwa na uchafu, weka mafuta na mchanga laini kidogo, uizungushe kwenye mbao laini, utatoka unang'aa.

Mota nayo ina madai yake. Drili ya waya hupozwa na feni iliyofungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, hivyo ikienda polepole chini ya mzigo mzito inapata joto jingi na upepo kidogo. Baada ya matundu matatu au manne mapana, itoe biti na uiache drili izunguke bila kazi, kwa kasi yote, dakika moja. Harufu ya rangi iliyoungua ni onyo la mwisho, si la kwanza. Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia, ule unaovutwa kutoka nyumba ya jirani, hupunguza umeme unaofika, nao huongeza joto hilohilo.

Na umeme ukikatika? Kupekecha si jambo geni huku. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi watu wa nyanda hizi walivyowasha moto kwa kupekecha kijiti, na akachora kufuli na funguo za mbao za Wamakonde. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja bado hutoboa mbao za jahazi kwa keke ya uta, inayokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kamba, ili misumari isipasue mbao. Keke ya mkono yenye taya mbili ni ndugu mdogo wa hizo, na siku ya giza inamaliza mlango.

Tena keke inaweza kubadilishana biti na drili kwa njia ya kinyume. Biti mpya za msokoto zenye shina la pembe sita, zilizotengenezwa kwa ajili ya umeme, hushikwa vizuri na taya mbili za keke nyingi, kwa kuwa mifereji ya taya hizo mbili hukamata pembe mbili zinazoelekeana. Fundi anayenunua biti mpya basi achague ya pembe sita yenye uzi mbele, asichukue ya shina la duara, maana ya duara huteleza kwenye keke kazi ikikolea. Zile za bapa, pana kama kijiko kilichonyooshwa, asizitie kwenye keke hata kidogo: za kawaida hazina uzi wa kuvuta, zinakata kwa kukwangua tu, na bila kasi ya mota zitazunguka juu ya mkongo asubuhi nzima bila kuingia.